Jinsi ya kuokota maneno mapya ya Kiswahili ukiwa unasoma riwaya ya vita

Sisi watu wa Dar tunajionaga Kiswahili tumekimaliza, lakini chukua riwaya ya vita iliyoandikwa kwa Kiswahili kilichoshiba uone, kurasa 3 tu za mwanzo umeshakutana na maneno matano ambayo hujawahi kuyatamka mdomoni mwako. Mimi ilinikuta kwenye mwendokasi natokea Kimara, nimesimama, mkono mmoja bomba mwingine kitabu, nasoma kikosi kimezingirwa, kamanda amekataa kusalimu amri, nikaelewa juu juu tu, nikaendelea, halafu Magomeni hapo nikajiuliza hivi kusalimu kumeingiaje kwenye vita? Swali hilo ndo lilinifundisha namna ya kusoma, na ndo nataka nikupe hapa.

Mbona vita na sio mapenzi? Riwaya ya mapenzi maneno yake mengi unayo tayari. Ya vita inakuletea jeshi, msafara, majeraha, njaa, kuvuka mito, barua za nyumbani, vyote kwa pamoja, na huwezi kupita tu maana mtu kapigwa risasi pale na wewe unataka kujua kapona au hakupona. Neno ulilolipata kwenye hali hiyo linakaa kichwani, tofauti kabisa na kukariri orodha.

Anza na sura moja, isome mpaka mwisho bila kamusi. Usisimame. Neno gumu lipigie mstari kwa penseli, ila kama kitabu umeazima Maktaba Kuu pale Bibi Titi tafadhali usikichore, weka kikaratasi. Ukimaliza sura rudi uangalie, neno lililojitokeza mara moja likapita achana nalo, lililojitokeza mara tatu nne ndo lako hilo. Chagua matano tu. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanataka ishirini kwa siku, wiki ya pili wamechoka kitabu kiko chini ya godoro.

Sasa kabla ya kufungua kamusi, kisia. Chukua kaunta buku andika unachodhani, kwa maneno yako. Mfano umekuta "wakaruka ndani ya handaki, udongo ukawamwagikia vichwani", si unaona mwenyewe ni shimo refu limechimbwa watu wajifiche? Andika hivyo hivyo. Ukikisia halafu ukakosea, ukija kuona maana yenyewe hutaisahau, na ukipatia utajisikia vizuri uendelee.

Kwenye kamusi kuna kitu hakuna aliyenifundisha shuleni nikapata nacho tabu sana. Huwezi kutafuta "walizingirwa" kwenye W. Vua vyote vya mbele na vya nyuma ubaki na zingira, nenda Z. "Mahandaki" iko H kwa sababu umoja wake ni handaki. Lakini mateka na majeruhi ziko M kama zilivyo, hizo haziondolewi ma, ni mateka mmoja na mateka kumi, majeruhi mmoja na majeruhi mia, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "jeruhi mmoja kalazwa" mwambie taratibu. Mimi natumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya kitabu, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoka mara ya kwanza 1981 na kurudiwa baadaye, maana ukifungua ukurasa unaona na baadhi ya ndugu za neno wamepangwa jirani, kwenye simu unaona moja tu.

Hao ndugu sasa ndo utamu wenyewe, hapa usiwe na haraka. Maneno mengi ya vita yana neno la nyumbani ndani yake ambalo unalijua tangu mtoto. Zingira, kuzunguka pande zote, humo humo ndo kuna mazingira, yaani vitu vilivyokuzunguka, kumbe kila siku tunasema tunza mazingira tumeshika neno la askari waliozungukwa. Teka, bibi zetu wanateka maji kisimani, adui anateka mji, na aliyetekwa ni mateka. Mzinga, nyuki wanakaa kwenye gogo lililotobolewa katikati, na silaha kubwa ya kurusha makombora nayo ni mzinga, ukiliangalia lile bomba lake unaelewa kwa nini. (Na kuna kisa cha kweli kabisa, vita ya Tanga Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, nyuki waliwavamia askari katikati ya mapigano, mizinga ya aina zote mbili siku moja.) Salimu nayo si ya hujambo peke yake, ina maana ya kukabidhi pia, kwa hiyo anayesalimu amri anakabidhi mamlaka yake kwa mwingine. Nilipolijua hilo ndo nikamwelewa yule kamanda kwa nini alikuwa anang'ang'ania vile.

Halafu mpagazi. Neno hili nalipenda. Kupagaa ni kubeba mzigo begani, mpagazi ni mbebaji, na mtu aliyepagawa ni aliyepandwa na pepo, amekaliwa. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza wapagazi ndo waliobeba chakula na risasi za majeshi yote mawili, kwa miguu, porini, na wengi sana walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 wale wabebaji wao, Carrier Corps, waliwekewa kambi kwenye eneo ambalo leo tunaliita Kariakoo. Kwa hiyo ukishuka Kariakoo kununua vitenge unatamka jina la wapagazi kwa matamshi ya babu zetu. Neno keya ukilikuta kwenye riwaya ni hivyo hivyo, ni KAR, King's African Rifles, askari wa Mwingereza. Na hela na shule tulibakiwa nazo kutoka kwa Mjerumani. Ukipata nafasi nenda pale sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, ipo tangu 1927, soma maandishi ya Kiswahili chini yake polepole, yapo na ya herufi za Kiarabu na ya Kiingereza, ulinganishe Kiswahili cha wakati ule na chako.

Kama unasikiliza mpira redioni una mtaji mkubwa zaidi ya unavyodhani. Ngome imepasuka, safu ya ulinzi, shambulizi la kushtukiza, kombora nje ya kumi na nane, yote ni ya vita yalihamia uwanjani. Kwenye riwaya unayakuta kwao, kwa hiyo ukiona ngome jiulize Simba na Yanga wanaitumiaje halafu rudisha kwenye mawe na mageti.

Kuna maana ambazo kamusi haikupi, za hizo muulize mtu mzima. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amini, ina watu wake bado, kwenye familia nyingi yupo mmoja. Mimi nina mjomba wangu alienda na mgambo, nikamsomea sentensi, "Shikamoo mjomba, hapa wanasema walikimbia", akanikatisha, "Marahaba mwanangu, sisi hatukuwa tunakimbia, tulikuwa tunarudi nyuma." Tofauti hiyo nimeiandika nikaizungushia duara. Yeye ndo alinieleza lindo ni pale mlinzi anaposimama zamu yake, mtu yuko lindoni, na kwamba utotoni wengi walidhani Nduli ni jina la kwanza la Amini, kumbe nduli ni muuaji, mtu katili. Uliza kwa adabu tu, na akinyamaza mwache, usimchimbe, kuna vitu mtu hataki kuvirudia.

Mwisho lazima uyatumie, tena nje ya vita. Neno lako la leo litie kwenye meseji ya kawaida: "mvua imetuzingira Jangwani hatutoki", "nimesalimu amri, lipa wewe nauli". Mwanzoni watakuuliza unaongea kama kitabu, wewe endelea, wiki mbili baadaye utawasikia wenyewe wanasema.

Siku ya saba rudi sura ile ile uisome tena bila daftari. Neno ulilopita bila kusimama likate, ulilosimama lihamishe kwenye matano ya wiki inayofuata. Sura ya kwanza mimi niliirudia mara tatu kabla ya kuingia ya pili, na mpaka sasa kaunta buku ina maneno 140, neno "medani", yaani uwanja wa mapambano, bado linahamahama kila wiki halijakatwa.