DT 125 ya zamani: namna ya kuitafuta, kuikagua na kukaa nayo

Wapo wanaoota pikipiki za BMW na Ducati. Yangu ilikuwa Yamaha DT 125, ile yenye madigadi ya mbele iliyonyanyuka juu ya tairi, ambayo huku Lushoto sisi tuliokua miaka ya tisini tuliijua kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona. Mabwana shamba walikuwa nazo, mapadri walikuwa nazo, na manesi wa chanjo pia. Mimi nikaja kuwa nesi, ila pikipiki niliyokabidhiwa kazini ilikuwa nyingine kabisa. Nikasema basi, hii nitainunua kwa hela yangu. Nimeinunua, na tangu hapo watu wananisimamisha barabarani: "Nesi, hii umeitoa wapi?" Majibu yangu ndiyo haya.

Kwanza jiulize unaitaka ya nini. Kama unataka chombo cha kuingiza hela, nunua Boxer au TVS. Zinakula mafuta kidogo na spea zake ziko mpaka kwa muuza vocha. DT ni tustroku, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli. Inakunywa petroli, inakunywa na oili yake pembeni, inatoa moshi, na nguo zako zitanuka. Inachokupa ni wepesi. Kwenye mlima wa utelezi, na mvua za vuli zimeshanyesha, hakuna cc 125 nyingine niliyowahi kupanda inayokwea namna ile.

Usianzie kutafuta mtandaoni. Kule utakutana na rangi mpya na stika, na rangi mpya kwenye pikipiki ya zamani mimi huiona kama bandeji: nataka kujua chini yake kuna nini. Anzia kwa mafundi wazee. Fundi wa siku nyingi anajua DT zote za wilaya, ipi imelala kwenye banda la kuku, ipi mwenyewe amestaafu na magoti hayamruhusu tena kupiga kiki. Ulizia misheni. Soma matangazo ya minada ya vyombo vya serikali. Yangu niliipata kwa mstaafu mmoja, na aliyeamua bei alikuwa mkewe. Mzee alikuwa ameshanipunguzia, mama akaita kutoka jikoni, "Baba Neema, hiyo ndiyo imesomesha watoto," bei ikarudi palepale.

Ukishaipata, usiiguse injini bado. Omba kadi.

Hapa ndipo wengi wanaumia, kwa sababu pikipiki hizi zililetwa nchini kwa wingi kupitia miradi na taasisi. Nyingi zilikuwa na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, au SU za mashirika ya umma, au namba za serikali zinazoanza na ST. Mradi ukiisha, pikipiki inabaki kwa aliyekuwa anaiendesha, na miaka ishirini baadaye anakuuzia yeye, wakati kwenye karatasi haijawahi kuwa yake. Kuna moja niliiona Korogwe, safi kabisa, kiti hakijachanika hata mahali pamoja. Kadi ilikuwa fotokopi ya fotokopi, jina la mradi ambao haupo tena, na mwenye kuuza ananiambia nisijali, watu wote wanaendesha hivyo hivyo. Nikamwambia, "Baba, nashukuru kwa chai," nikaondoka.

Kinachotakiwa ni kadi orijino yenye jina la anayekuuzia, au mlolongo wa mikataba inayoeleweka kutoka jina la kwenye kadi mpaka kwake. Soma namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini iliyo kwenye kasha la injini, tarakimu kwa tarakimu. Penye kutu sugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Namba iliyosagwa au iliyogongwa upya kwa mkono inaonekana, herufi hazikai mstari mmoja. Mkataba andikishaneni mbele ya wakili, na uhamishaji wa umiliki TRA ufanyike muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Sasa injini. Weka kiganja kwenye silinda kabla ya neno lolote. Ikiwa na joto, ameshaiamsha kabla hujafika. Kunywa chai, ongea habari za mvua, ipoe. Tustroku iliyochoka ikiwa ya moto inawaka vizuri tu. Baridi ndiyo inayoiumbua. Kisha fungua koki ya mafuta, vuta choki, bonyeza kiki taratibu kwa mguu bila kupiga. Inatakiwa ikugomee, ufike mahali usikie kiki inasukumana na mguu. Ikishuka laini kama pedali ya cherehani, ringi na silinda vimekwisha.

Hilo peke yake lisikukimbize, silinda inachongwa ipanuke, inawekewa pistoni kubwa kidogo. Silinda yake ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni za kuchongea zinapanda kwa robo milimita, zikiandikwa kwa sehemu za mia za milimita: 25, 50, 75, 100. Namba hiyo huwa imegongwa juu ya pistoni. Mwombe fundi wako afungue hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda; ni nati chache tu, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Futa kaboni kwa kidole. Ukikuta hakuna namba au imeandikwa 25, umebakiwa na nafasi ya kuchonga tena. Ukikuta 100, umefika mwisho, sleve mpya (bomba la ndani ya silinda) au silinda nyingine inakusubiri, na bei ishuke kulingana na hapo.

Ikiwaka, tazama moshi. Bluu kidogo ni kawaida, ndiyo tabia yake. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, huku oili ya gia inapungua bila kuvuja chini, maana yake sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni ya mhimili wa injini) upande wa klachi imekufa na injini inavuta oili ya gia inaichoma. Sili ya upande wa pili, wa magneto inayotengeneza umeme, ikifa haitoi moshi, na ndiyo mbaya zaidi. Inaingiza hewa. Utasikia mlio unapanda wenyewe bila wewe kupiga resi, na ukirudisha mkono hautaki kushuka haraka. Hewa ikizidi, joto linazidi, pistoni inashika, injini inanoki. Sili zenyewe si ghali. Ghali ni kutozijua.

Uliza pampu ya oili. Yamaha walianza kuweka mfumo wao wa Autolube mwaka 1964: oili ina tangi lake, pampu inapeleka kiasi kulingana na mzunguko wa injini na mkono wako. Mafundi wengi hapa wameing'oa kwa kuogopa isije ikagoma, wanachanganya kwenye tangi. Ikiwa imeng'olewa, uwiano wa 1 kwa 25 ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Mimi nilitafuta yenye pampu na sijutii.

Halafu ipande. Kiti kiko juu, na mimi si mrefu. Nilichojifunza kwa fundi ni kushusha mguu mmoja tu, kukaa nusu tako, na kuchagua upande wa barabara ulioinuka ninaposimama. Sketi ya kazi inakaa kwenye begi. Taa za zile za zamani za volti 6 ni za kukuonyesha kwa wengine zaidi ya kukumulikia wewe, kwa hiyo panga safari zako mapema.

Ukiileta milimani kutoka Tanga au Mombo, utaiona imekuwa nzito na plagi inatoka nyeusi. Haijaharibika. Lushoto mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi. Fundi abadilishe jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha mafuta, aweke ya namba ndogo kidogo, na akumbuke kurudisha ukihamia pwani.

Na barabara ya kushuka Soni hadi Mombo ina jambo lake. Ukirudisha mkono wa mafuta ukaachia gia izuie mwendo kona baada ya kona, injini inazunguka kwa kasi lakini pampu inatoa oili kiduchu. Kila baada ya kona mbili tatu bana klachi, piga resi kidogo, achia. Anayekufuata nyuma atadhani unajionyesha. Mwache adhani.

Kuhusu kuazima, jiandae, kwa sababu shemeji, jirani na mwenyekiti wa kitongoji wote watakuja. Mimi nawaambia ukweli: anayezoea Boxer hajui kuangalia tangi la oili, na hii ikikosa oili haifiki Soni. Anayetaka kwenda mahali nampakia mwenyewe. Chini ya kiti nina chupa ya oili ya 2T, yaani ya tustroku, na plagi moja ya akiba, kwa kuwa maduka mengi ya njiani yamejaa oili ya 4T tu, ya pikipiki kama Boxer, na muuzaji mwenye haraka atakwambia ni ile ile.