Kusoma nasaba ya mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd kabla ya kumlipia

Tangazo likisema "German Shepherd halisi, damu ya Ujerumani", usianze na bei. Anza na maswali matatu: mama yuko wapi, baba ni nani, na nyonga zao zilipigwa eksirei lini? Mfugaji makini atakujibu yote matatu kwa karatasi. Mwingine atakutumia picha ya dume mkubwa aliyesimama kwenye majani, kisha atakutumia namba ya kulipia kwa M-Pesa.

Cheti cha nasaba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya kwanza ina wazazi wawili, ya pili babu na bibi wanne, ya tatu wanane, ya nne kumi na sita. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake. Babu humfikia kwa wastani wa robo, na aliye safu ya nne kwa takriban asilimia 6 tu. Kwa hiyo bingwa aliyeandikwa pembeni kabisa kulia, ambaye wauzaji hawaachi kumtaja, amebaki na mchango mdogo mno kwa mtoto unayemshika mkononi. Safu mbili za kwanza ndizo za kuzilipia. Zile nyingine zina kazi moja kubwa, kuonyesha kama ndugu wamepandishana, na tutaifikia.

Vifupisho vilivyo kando ya majina

Chama cha Ujerumani cha mbwa hawa, SV, kilianzishwa 1899 na Max von Stephanitz, na mbwa wa kwanza katika daftari lake ni Horand von Grafrath. Karatasi nyingi zinazoitwa "za Ujerumani" hufuata alama zake. V, SG na G ni madaraja ya umbo kwenye maonyesho: bora, nzuri sana, nzuri. VA ni daraja la juu kuliko yote na hutolewa kwa wachache. IGP 1 hadi 3 (kabla ya 2019 iliandikwa IPO, na zamani zaidi SchH) maana yake mbwa amefaulu mtihani wa kufuata harufu, utii na ulinzi. Kwa anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba, mama mwenye IGP 1 ana thamani kuliko babu wa babu mwenye VA.

HD ni nyonga, ED ni viwiko. Hapo ndipo penye fedha yako. SV huandika "normal", "fast normal" na "noch zugelassen", yaani sawa, karibu sawa, na bado anaruhusiwa kuzalishwa. Nchi zinazofuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutumia herufi: A na B ni salama, C ni kasoro ndogo, D na E usiguse. Uingereza huhesabu alama 0 hadi 53 kwa kila upande, na ndogo ndiyo nzuri. Marekani, OFA, taasisi inayosoma eksirei za mifupa ya mbwa, hutoa matokeo ya mwisho mbwa akishatimiza miezi 24. Ukiambiwa mzazi wa miezi kumi "amepita OFA", ujue hayo si matokeo ya mwisho. Viwiko husomwa 0 hadi 3, na unachotaka ni 0.

Ugonjwa wa nyonga hausababishwi na jeni moja, na chakula kingi kupita kiasi na sakafu ya vigae inayoteleza huuzidisha kwa mtoto anayekua. Wazazi wawili wenye A wanaweza kumzaa mtoto mwenye D, ingawa si mara nyingi. Ndiyo maana ni lazima kuuliza habari za ndugu wa wazazi na za watoto wa uzao uliotangulia. Jike mwenye A lakini ndugu zake watatu wana D ni hatari zaidi kuliko jike mwenye B ambaye ndugu zake wote ni A na B. Wanunuzi wengi huangalia herufi moja ya mama na kuishia hapo. Ukifika bandani, mwache mama alale dakika kumi, kisha aitwe. Angalia anavyoinuka: kama anajivuta kwa miguu ya mbele, au anaruka kwa miguu ya nyuma pamoja kama sungura anapokimbia, karatasi nzuri haitakusaidia.

Magonjwa yanayofuata mstari wa damu

Kudhoofika kwa uti wa mgongo, DM, huanza kwa kawaida mbwa akiwa na zaidi ya miaka 8: miguu ya nyuma hulegea, makucha husagika sakafuni, hatimaye hawezi kusimama. Hivyo mzazi wa miaka mitatu anayetembea vizuri hathibitishi chochote. Kipimo cha jeni ya SOD1, kwa damu au ute wa shavu, hutoa majibu N/N, N/DM au DM/DM (N ni nakala nzima ya jeni, DM ni mbovu). Mzazi mmoja akiwa N/N, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili mbovu. Wote wawili wakiwa N/DM, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuzipata. Si kila mwenye nakala mbili atapooza, ila wewe huna sababu ya kununua hofu hiyo. Hakikisha jibu la maabara lina namba ya chipu ya mzazi huyo, tarakimu 15, na chipu yenyewe isomwe kwa skana mbele yako.

Hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hupita njia nyingine, kupitia kromosomu X. Canto von der Wienerau, dume aliyezaliwa 1968 ambaye damu yake imo katika nasaba nyingi za mbwa wa maonyesho, alikuwa nayo. Dume mgonjwa hupitisha jeni hiyo kwa mabinti zake wote na si kwa wana. Mabinti huonekana wazima, kisha kila mtoto wao wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua. Jina kubwa linaweza kubeba tatizo kubwa. Muulize mfugaji kama dume la mbegu limepimwa faktari VIII, protini ya kugandisha damu, na kama kuna mtoto wa kiume aliyewahi kuvimba mahali pa sindano au kutokwa damu bila kukoma meno yalipoota.

Ndugu kwa ndugu

Ukikuta jina moja upande wa baba na upande wa mama, hesabu safu. Karatasi ya Ujerumani itaandika 3-4: babu huyo yumo safu ya tatu upande mmoja na ya nne upande wa pili. Hilo ni jambo la kawaida. Baba kupandishwa na binti yake, au ndugu wa tumbo moja kupandishana, hutoa asilimia 25 ya vinasaba vilivyojirudia. Ndugu wa mzazi mmoja, asilimia 12.5, binamu, 6.25. Tunashauri usivuke 6.25. Mji ukiwa na madume wachache kutoka nje, binti hurudishwa kwa babaye kirahisi sana, na muuzaji huiita "damu safi". Matokeo huonekana kwenye uzao wenyewe: watoto wachache, vifo vya wiki ya kwanza, korodani moja kutoshuka.

Kuikamata karatasi ya uongo

Fotokopi ya cheti cha baba si cheti cha mtoto. Mtoto huandikishwa kwa jina na namba yake mwenyewe. Kwa Kenya, daftari la mbwa wenye nasaba lipo East Africa Kennel Club, Nairobi: chukua namba, wapigie, uliza kama uzao huo umeandikishwa na mama ni nani. Kwa mbwa walioletwa kutoka Afrika Kusini, uliza KUSA, chama cha mbwa cha huko.

Linganisha tarehe. Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Siku kati ya kupandisha na kuzaa zikiwa chini ya 57 au zaidi ya 72, huenda kuna dume jingine katika habari hii. Jike mwenye joto hukubali dume zaidi ya mmoja, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Kwa mbwa wa bei kubwa, dai kipimo cha DNA cha baba. SV hairuhusu jike kupandishwa kabla ya miezi 20, wala dume kabla ya 24. Mama aliyezaa akiwa na miezi 13 amezalishwa na mtu mwenye haraka.

Rangi nayo ni shahidi. Wazazi wawili weusi tii hawawezi kuzaa mtoto mwenye mgongo mweusi na miguu ya kahawia. Wazazi wawili wenye mgongo mweusi na miguu ya kahawia hawawezi kuzaa mtoto wa rangi ya mbwa mwitu, ile ya nywele zenye ncha nyeusi. Lazima mzazi mmoja awe nayo. Wawili weupe huzaa weupe tu. Ila usikosee umri: mtoto wa mgongo mweusi huzaliwa karibu mweusi wote na kahawia huongezeka anapokua, basi tazama miguu, mashavu na chini ya mkia.

Tabia ya mama

Baba mara nyingi yuko kwingine, na si kosa, mradi kuna hati ya kupandisha iliyosainiwa na mwenye dume. Mama lazima umwone, asiwe amefungwa mnyororo. Kumbwekea mgeni langoni ni haki yake. Angusha funguo kwenye saruji hatua tatu kutoka kwake: mama mzuri hushtuka, hugeuka, kisha huja kunusa. Anayejificha nyuma ya banda na kubaki huko, au anayeng'ata akiwa amerudisha masikio, amewapitishia watoto woga kwa damu na kwa wiki nane za kumwiga. Mbwa mwoga hawi mlinzi. Huuma watoto wa nyumbani.

Mtoto asiondoke kabla ya wiki 8. Mkataba utaje namba yake ya chipu, majina na namba za wazazi, na nini kitafanyika eksirei ya miezi 12 ikionyesha D au E. Ukiambiwa cheti "kinakuja", zuia sehemu ya malipo mpaka kifike, na liandikwe hilo kwenye karatasi ileile.