Una tamasha au bonanza Mbeya? Fanya hivi watu waje

Wengi wakiwa na shughuli wanakimbilia kutengeneza posta kali, picha ya msanii kubwa, wanaitupa kwenye magrupu ya WhatsApp halafu wanasubiri. Watu wanaandika "tupo pamoja kaka", siku ikifika viti vitupu. Ukiwauliza utaona taarifa walikuwa nayo, ila hawakujua itaisha saa ngapi na watarudije Uyole au Mbalizi usiku na baridi hili la kwetu.

Kwa hiyo anza na tarehe na muda kabla hujamlipa mtu wa posta. Novemba mpaka Aprili ni mvua, kama hauna paa usijaribu kabisa. Juni na Julai baridi linauma, weka saa 8 mchana umalize saa 12 jioni watu wawahi daladala. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, usishindane nayo. Kama kuna kiingilio subiri mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia.

Tangazo lenyewe liandike kama unavyomwelekeza dereva bajaji, maana jina la ukumbi peke yake halimsaidii mgeni. Mfano: "Jumamosi saa 8 mchana mpaka saa 12 jioni. Shuka Kabwe, uliza ukumbi wa ghorofa nyuma ya sheli. Kiingilio 3,000, mtoto 1,000. Gari la kurudi Uyole lipo mlangoni." Hayo tu yanatosha, na namba ya simu iwe ya mtu anayepokea kweli, sio inaita mpaka inakata.

Halafu sasa hapa ndo penye kazi: mtu anakuja kwa sababu mtu anayemjua kamwambia twende. Kwa hiyo nenda saluni za Mwanjelwa, nenda kwa vinyozi, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa mama ntilie, mpe kila mmoja tiketi 2 za bure na umweleze vizuri kwa mdomo wako, yeye anaongea na watu kutwa nzima na akija ataleta wengine. Kama kuna kwaya au vikundi vya ngoma vinapanda jukwaani, wape tiketi wauze wenyewe na wabaki na sehemu ya hela, utashangaa ndugu na majirani watakavyojaa. Vikoba usivisahau, kina mama wakikubaliana kwenda wanaenda wote.

Gari la matangazo lipitishe siku moja kabla na asubuhi ya siku yenyewe, wiki 2 kabla ni kuchoma mafuta bure. Ila kibali uliza mapema ofisi ya kata na polisi, usije ukazimiwa spika njiani.

Siku yenyewe anza saa uliyoandika hata kama wamefika watu 20, rusha video fupi status muziki ukiwa umekolea, wale walio nyumbani wanasitasita ndo wanavaa masweta wanatoka. Na gari la kurudisha watu uliloahidi liwepo mlangoni kabla shughuli haijaisha.