Taa zikicheza na besi, hesabu ampea kwanza

Juzi kijana kaniletea Toyota IST yake gereji: besi ikipiga tu, taa za mbele zinafifia. "Fundi, betri hiyo, si ndiyo?" Boksi la amplifaya linasema wati 3000. Nikaigeuza nitazame fyuzi zake: mbili, kila moja ampea 30. Ampea 60 mara volti 14 ni wati 840, na hizo ni zinazoingia, kabla joto halijachukua chake. Hizo 3000 zitatoka wapi?

Boksi weka pembeni. Tafuta wati za RMS, zile inazotoa mfululizo, kwenye kitabu chake. Gawanya kwa 13.8, volti za gari linapowaka, kisha gawanya tena kwa 0.8 ikiwa ni klasi D, amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, au kwa 0.55 ikiwa AB, inayopoteza zaidi. RMS 500 ya klasi D inataka kama ampea 45. Ya AB inafika 66. Muziki hauli hivyo kila sekunde, lakini waya chagua kwa hesabu hiyo.

Altaneta, jenereta inayochaji betri, kwenye magari madogo mengi ni za ampea 70 hadi 90, na hazitoi zote ukiwa umesimama foleni. Washa taa, feni na kiyoyozi, redio izime, weka mita kwenye betri. Ikishuka chini ya volti 13, huna akiba ya kuwapa spika.

Waya ndiyo watu wanabania hela. Betri hadi buti ni kama mita 5. Kwa ampea 45, shaba ya geji 4 (namba ndogo ndiyo waya mnene) inapoteza karibu volti 0.2, ya geji 8 inapoteza karibu nusu volti, na inapata moto. Halafu kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, panda saizi moja ya unene au irudishe dukani.

Toa kichwa cha hasi kwenye betri kabla hujagusa chochote. Fyuzi kubwa, hapa ya ampea 60, ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Inalinda waya, si amplifaya. Ya kijana haikuwepo kabisa, na waya ulipita kwenye bati la injini bila raba, ganda limeshaanza kulika. Mwili ulinisisimka.

Waya wa hasi, wa amplifaya hadi bodi ya gari, nao uwe mnene vilevile, usizidi nusu mita. Piga msasa bodi hadi chuma king'ae, funga bolti yake yenyewe, si ile ya mkanda wa usalama.

Kapasita, kile kitunza umeme cha muda mfupi? Ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inakupa juli 26. Mzigo huo unazimaliza kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hela hiyo nunulia waya.

Tulibadilisha waya, fyuzi na hasi. Taa zimetulia, ila kwenye foleni kiyoyozi kikiwaka bado zinacheza kidogo. Nikamwambia achague. Kaondoka madirisha wazi, besi juu.