Filamu fupi kwa siku moja, simu mbili na daka moja la Lamu

Mwanafunzi aliyepewa siku moja na simu mbili aanze na mahali, kisha hadithi ifuate. Katika mji wa Lamu, ninapendekeza daka la nyumba ya mawe, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, kwa kuwa lina kivuli, lina baraza mbili zinazotazamana na nyuma yake kuna mlango wa nakshi usiohitaji kupambwa.

Hatua ya kwanza: mahali na mwanga. Muombe ruhusa mwenye nyumba, kisha siku iliyotangulia ukae hapo uandike saa ambazo jua huupiga ukuta wa ng'ambo ya mtaa. Ukuta huo, hasa ukiwa umepakwa chokaa, ndio taa yako: huurudisha mwanga ukiwa laini hadi kwenye nyuso za waliokaa barazani, ilhali mtu anayesimama katikati ya mtaa saa sita mchana hupata kivuli cheusi machoni. Ukitaka picha ya pwani, ipige asubuhi, kwa maana mji unatazama mashariki, upande wa Manda, na jioni jua huzama nyuma ya nyumba. Mwalimu naye aulizie mapema kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Ndani ya Ngome ya Lamu utahitaji pia idhini ya Makavazi ya Taifa.

Hatua ya pili: hadithi. Watu wawili na siri moja vinatosha. Tuseme mjukuu ameuza mashua ya babu yake na sasa amekuja kumwamkia. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya dakika nne isizidi kurasa nne.

Hatua ya tatu: kupiga picha. Weka simu kwenye fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50 na taa za ndani huweza kumemeteka ukitumia kasi nyingine. Funga fokasi na mwanga ili visibadilike katikati ya maneno, safisha lenzi na uisogeze simu yenyewe badala ya kuvuta picha kwa vidole. Anza na picha pana ya tukio zima, tangu shikamoo hadi mwisho. Kisha urudie ukiwa karibu na babu, halafu na mjukuu, na mwisho uipige mikono: ya babu ikizungusha tasbihi, ya mjukuu ikikunja risiti. Kamera ibaki upande wa mtaani muda wote. Ukivuka mstari unaowaunganisha wazungumzaji, mtazamaji atadhani wamebadilishana nafasi.

Hatua ya nne: sauti. Hapa ndipo filamu nyingi za wanafunzi huharibika, kwani picha yenye kasoro huvumilika lakini maneno yasiyosikika hayavumiliki. Simu ya pili iwe kinasa sauti: iweke katika hali ya ndege, uifiche nyuma ya mto barazani, karibu na vinywa, wala si mfukoni mwa kanzu ambako nguo huikwaruza. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila rudio, ili baadaye uzioanishe sauti na picha. Adhana ikianza, simamisheni kazi. Mbali na adabu, ikikatwa katikati kila kiungo cha uhariri kitajulikana. Punda akipita na mzigo wa mchanga, rudieni sentensi hiyo tu. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo, ambao utaziba mapengo baina ya vipande.

Hatua ya tano: uhariri. Nakili kila kitu sehemu mbili kabla ya kufuta chochote simuni. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure, lakini inahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi. Panga mazungumzo kwanza, ndipo uchague picha. Kisha isikilize filamu kwa spika ya simu, kwa kuwa wengi wataitazama hivyo. Neno lolote la babu lisilosikika lirekodiwe upya palepale dakani na liwekwe juu ya picha ya mikono, ambapo midomo haionekani.