Namna ya Kuutazama Moto Mkubwa wa Msitu Ukiwa Nyumbani na Kuwaombea Walioathirika

Kabla ya kusogeza kiti dirishani, hakikisha kwanza kwamba wewe mwenyewe humo miongoni mwa wanaopaswa kuombewa. Cheche zinazopeperushwa na upepo huweza kuangukia zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe, na moto unaopanda mlima hukimbia kuliko ule wa tambarare, kwa kuwa ndimi zake huyakausha majani ya juu kabla hazijayagusa. Mji wa Paradise, California, ulifikiwa na moto tarehe 8 Novemba 2018, saa chache tu baada ya moto huo kuanza asubuhi, na watu 85 wakafa. Kwa hiyo weka tayari begi lenye hati, dawa na maji, na amri ya kuhama ikitolewa, ondoka; sala inasalika hata barabarani.

Ukishajiridhisha kwamba uko salama, tazama kupitia kioo kilichofungwa. Moshi hubeba chembe zisizofikia mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haizizuii ipasavyo, ila ya N95 iliyobana uso huzizuia.

Moshi wenyewe una mengi ya kusema. Ukiwa mweupe, mara nyingi ni majani yenye unyevu yanayoungua. Ukiwa mweusi na mzito, huenda ni kuni nyingi zinazowaka kwa nguvu, au ni nyumba na magari. Ukipanda wima na kuvimba juu kama pamba, jua kwamba joto limekuwa kali kiasi cha moto kujitengenezea upepo wake. Usiku mwanga mwekundu huonekana kuwa karibu kuliko ulivyo, na wengi hutaharuki saa hizo, ilhali kwa kawaida hewa ya usiku hupoa, unyevu huongezeka na moto hupunguza kasi. Usirushe droni kwa tamaa ya picha, kwa sababu ndege za kuzima moto hulazimika kusitisha kazi droni inapoonekana.

Ramani za setilaiti, kama ile ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iitwayo FIRMS, husaidia, lakini zisomwe kwa subira. Kila alama ya moto kwenye ramani huwakilisha kitovu cha eneo lenye upana wa takriban mita 375 au hata kilomita 1, tena huonyesha hali ya saa kadhaa zilizopita. Alama iliyokaa juu ya nyumba ya jamaa yako si ushahidi kwamba imeteketea, na haifai kumpelekea habari hiyo. Vilevile, ukisikia kwamba moto umedhibitiwa kwa asilimia 40, maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya mzingo wake imezungushiwa ukanda wa kuzuia, wala si kwamba asilimia 40 ya moto imezimika.

Sasa omba, ukiyatumia uliyoyaona. Sala ya jumla ya kuwaombea waathirika wote si mbaya, ila mimi huona moyo hutulia zaidi penye jambo mahususi. Alasiri, upepo unapozidi, waombee askari wa zimamoto walio mteremkoni na marubani wanaoshuka ndani ya moshi. Jioni, waombee waliolala sakafuni katika makazi ya muda, wazee wasioweza kutembea peke yao, na wafugaji waliofungua mazizi bila kujua mifugo imeelekea wapi. Alfajiri, moshi unapotuama mabondeni, waombee wenye pumu na watoto wachanga. Ukimjua mmoja wao, mpigie simu baada ya sala na umuulize anahitaji nini kabla ya kukusanya nguo ambazo huenda hakuna pa kuziweka.

Andika majina ya vijiji vilivyoungua kwenye karatasi, na usiitupe moshi ukiisha. Udongo uliochomwa vikali hukataa kunyonya maji, na mvua kubwa ya kwanza huweza kushusha tope na mawe juu ya watu walewale. Waombee mvua ya taratibu.