Usianze na koleo

Ukikabidhiwa kiwanja kilichokuwa na kiwanda cha viuatilifu, makoleo yafungie stoo kwanza. Nimeona kazi ikiharibika siku ya kwanza kwa haraka ya kuchimba: vumbi likatimka, na sumu iliyokuwa imetulia pembeni ikatoka getini na matairi ya lori.

Watafute waliofanya kazi humo. Waulize walitengeneza nini na taka zilimwagwa wapi. Kila tani ya lindani, dawa ya kuua wadudu, iliacha tani 8 hadi 12 za taka, nyingi zikiwa unga mweupe mweupe wenye harufu ya uvundo. Rundo hilo halipotei kimyakimya.

Kisha sampuli. Gawa kiwanja kwa kamba, miraba kwa miraba, uchote udongo wa juu na wa chini, ukiosha kifaa kila unapohama. Mimi niliwahi kuchota sentimita 20 za juu tu, maabara ikajibu pako safi. Tulipopitisha mtaro, mita moja na nusu chini, tukakuta tabaka jeupe kama chokaa. Kumbe juu palifukiwa udongo wa kuletwa! Tangu hapo hushuka mpaka nifike udongo ambao haujaguswa, na visima vya jirani navipima pia.

Penye sumu kali, chimba udongo ukiwa na unyevu, usiloe hadi ukachuruzika. Buti, glovu na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haifai kitu. Pakia kwenye mapipa yanayofungika, yaende tanuri maalumu la nyuzi zaidi ya 1,100. Kuchomea shimoni ni kujitengenezea dioksini, sumu nyingine kali.

Penye sumu ya wastani huwa nawaachia bakteria. Changanya samadi na unga wa chuma, lowesha, funika kwa turubai wiki kadhaa: bila hewa, klorini hung'olewa kwenye sumu. Funua, pindua udongo upate hewa, bakteria wengine wamalizie. Rudia, ukipima kila mzunguko. DDT huenda polepole, na beta-HCH, mojawapo ya taka za lindani, ni kaidi kuliko zote.

Kaboni amilifu, yaani mkaa ulioandaliwa kunasa kemikali, hushika mabaki yasinyonywe na mimea, ila hayaondoki. Kwa hiyo maboga yasipandwe hapo hata kidogo: mizizi yake hufyonza DDE, masalia ya DDT, kuliko mimea mingi.